Jicho la Kinyozi

Kwach, kwach, kwach.

Mama Kinyozi aliisikia sauti hiyo kabla jogoo hajawika, akajua ni mkasi. Haukuwa unakata kitu. Mkasi unaokata nywele una sauti nzito kidogo, kama mbuzi anayetafuna majani; huu ulikuwa unatafuna hewa. Akajifunga khanga, akapapasa ukuta mpaka sebuleni, na hapo akamkuta mwanawe amekaa kwenye kigoda gizani, mkono mmoja umeinuliwa, anafungua na kufunga mkasi.

"Unanyoa giza?" akamuuliza.

"Naujaribu mkono, mama."

"Wanapasua jicho. Mkono hawaugusi."

"Najua. Lakini mkono huu umejifunza kwa jicho hili. Nikirudi na jicho jingine, mkono utanijua?"

Mama Kinyozi akaenda jikoni kuchemsha chai. Ikachemka. Ndipo akakumbuka kwamba mgonjwa alikatazwa kula na kunywa, akaimimina yote kwenye chupa, akainywa yeye mwenyewe safari nzima ya kwenda hospitali.

Mwanawe alikuwa na makengeza tangu anatambaa. Jicho la kulia lilitazama mbele kama macho ya watu. La kushoto lilijivuta ndani, kana kwamba linaichungulia pua. Wakati ule watu walimwambia mama avute subira, mtoto akikua yatakwisha. Mtoto akakua, akaota ndevu, akaoa, akafungua duka la kunyoa, na jicho bado linachungulia pua.

Lakini mwenye kilema ana akili ya kukizunguka. Tangu utotoni aliona kwamba akilaza kichwa upande wa kulia, sikio likikaribia bega, anaona vizuri zaidi. Basi akakilaza, na kikabaki hapo. Alipoanza kunyoa, akawalaza na wateja wake ili walingane naye. Aliwagusa kwa vidole viwili tu kwenye kipaji cha uso, polepole, "Laza kidogo, kaka, hapohapo," halafu akachora mstari wa kisogoni ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Watu walimpenda kwa mstari huo. Waliotoka kwake walijulikana hata kwa mbali. Miaka ikapita, hakuhitaji tena kuwagusa wala kuwaambia. Mtu alikaa, akafungwa kitambaa shingoni, na kichwa kikaenda chenyewe.

Kilichompeleka hospitali ni mtoto. Alikuwa na binti mmoja, yuko darasa la pili, na siku moja alimfuata shuleni. Akasimama getini katikati ya wazazi wengine, akamtazama bintiye, akaita, "Njoo, mwanangu!" Akaja mbio mtoto wa watu aliyekuwa amesimama upande wa pili. Bintiye akabaki palepale, anageuka nyuma kutafuta ni nani anayeitwa. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akasema, "Baba yako anaita kwa kona!"

Toka siku hiyo mtoto akasema anajua njia, atakuwa anarudi mwenyewe.

Kinyozi hakulalamika. Lakini muuguzi mmoja wa macho, mteja wake wa siku nyingi, alipokaa kitini wiki ile, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: hivi mtu mzima kama yeye ameshachelewa?

"Nani alikwambia umechelewa?" muuguzi akasema kutoka chini ya kitambaa. "Tunawanyoosha hata wenye wajukuu."

Mkewe alifurahi, kisha akaogopa. Alimwambia mama mkwe wake wakiwa jikoni, kwa sauti ya chini, "Mama, mimi simkatazi. Ila nyumba hii inakula kwa jicho hilohilo lililopinda. Likinyooka, mkono utaijua njia?"

Kwa hiyo wote watatu walikuwa na swali moja, na mume na mke walikuwa wakifichana.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye sauti ya kubembeleza. Mama Kinyozi alimshika mkono mlangoni mwa wodi. "Mwanangu, niambie ukweli, mimi ni mtu mzima. Mtalitoa jicho nje, mlioshe, halafu mlirudishe?"

Wauguzi wawili waliokuwa karibu wakaumauma midomo wasicheke. Daktari hakucheka. Aliomba chungwa moja kwenye kikapu cha mama, akalishika kwa vidole pande mbili.

"Jicho ni hili, mama. Lenyewe halitoki mahali pake. Limeshikwa na misuli, kama kamba. Huu wa ndani, upande wa pua, unavuta kupita kiasi. Tunaulegeza. Huu wa nje umezembea. Tunaukaza. Basi, jicho linarudi katikati."

Akaligeuza chungwa polepole likatazama mbele. Kisha akalifuta kwa kitambaa safi kabla ya kulirudisha kikapuni. Mama Kinyozi aliona alivyolifuta, na moyo wake ukatulia. Anayefuta chungwa la watu hawezi kulifanyia ovyo jicho la mtu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mzee mmoja mrefu, miguu imepita mwisho wa godoro. Wodi nzima ilimwita Dereva, kwa sababu aliendesha malori maisha yake yote. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa kikombe kidogo cha plastiki. Kipande cha chuma kiliruka kikamjeruhi, na kidonda kilikuwa kimekataa kupona haraka. La pili lilikuwa likiona ukungu tu tangu zamani. Wanawe walikuwa mbali. Kwenye meza yake palikuwa na chupa za dawa na kikombe cha maji. Hapakuwa na ua, wala tunda, wala chupa ya chai ya mtu wa nyumbani. Mama Kinyozi aliliona hilo pia. Akaweka machungwa mawili.

"Nani huyo ameniwekea kitu?" mzee akauliza.

"Mgeni tu, baba. Mama wa huyu kitanda cha pili."

"Karibuni hotelini. Chakula si kizuri lakini matone ya dawa hayaishi. Kijana anafanya kazi gani?"

"Kinyozi," akajibu mwenyewe.

Mzee akainuka kwa viwiko. "Kinyozi! Mungu amenikumbuka. Njoo ushike ndevu hizi. Kila nesi akipita, 'Babu meza dawa, babu geuka.'"

"Kwani wewe si babu?" Mama Kinyozi akamuuliza.

"Ni babu, lakini nataka niulizwe kwanza."

Wodi ikacheka. Kinyozi naye akacheka, mara ya kwanza toka alfajiri, akamwambia, "Nikipona, mzee, nitakuja kukunyoa. Hapahapa kitandani."

"Sema tena mama yako asikie."

"Nitakuja."

Wauguzi wakaja kumchukua kumpeleka chumba cha upasuaji. Mama Kinyozi akakaa kwenye benchi la korido akiutazama mlango, na kila ulipofunguka alisimama. Mfagizi mmoja aliyekuwa akipiga deki alimzunguka mara kadhaa bila kumwambia ainue miguu. Mwishowe akamletea kiti chenye mgongo. Mambo ya namna hiyo Mama Kinyozi alikuwa hayasahau. Mpaka leo akimwona mfagizi yule njiani anamuulizia na watoto wake.

Mwanawe alirudishwa amelewa dawa ya usingizi, jicho limefunikwa. Siku ya pili daktari akalifunua. Lilikuwa jekundu kama nyanya. Lakini lilikuwa katikati. Mama alilitazama, na jicho likamtazama. Kwa mara ya kwanza macho yote mawili ya mwanawe yalitua usoni kwake kwa pamoja.

"Mama," kinyozi akasema, "mko wawili."

"Mmoja tu alikushinda, wawili utawaweza?"

Kutoka kitanda cha pili sauti ikasema, "Mimi simwoni hata mmoja, yeye anapewa wawili. Dunia haina usawa."

Daktari akawaambia wasihofu. Kwa watu wazima hutokea. Ubongo unajifunza upya, na siku zitakavyokwenda mama atabaki mmoja. Asilifikiche jicho, asilitie maji machafu, atumie matone, na asikaribie nywele zinazoruka mpaka atakaporuhusiwa.

Ikawa kama alivyosema. Mama wa pili alififia, akaenda zake. Wekundu ukapungua kutoka pembeni. Na shingo, ambayo miaka yote ilikuwa imeegemea kulia, ikainuka yenyewe, polepole, mpaka mkewe akasema, "Kumbe nimeolewa na mtu mrefu!"

Jioni moja kinyozi alisimama mlangoni. Watoto wa mtaa walikuwa wengi uwanjani wakiruka kamba, bintiye katikati yao. Hakutaja jina. Alimtazama tu, akaita, "Wewe, mwanangu, njoo."

Mtoto aliacha kamba, akaja moja kwa moja. Hakugeuka nyuma. Akamshika baba yake kiunoni, na asubuhi yake akasema, kama mtu anayekumbushia jambo dogo, "Baba, leo utanifuata shule?"

Mama Kinyozi aliingia chumbani akakaa kitandani peke yake kwa muda. Kama hadithi ingekomea hapo ingekuwa njema. Lakini nyumba haishibi kwa furaha peke yake.

Kinyozi wa duka la ng'ambo ya barabara, waliyemwita Jirani, ndiye aliyewanyoa wateja wote wa mwenzake siku hizo. Alikuja kumjulia hali akasema, "Nimewaazima, sijawachukua. Rudi upesi. Wateja wako bwana, kiti changu kimewashinda. Kila mmoja akikaa anajilaza kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mimi nawakamata mashavu kama nakamata maboga!" Wakacheka sana, wakanywa chai, neno likapita.

Siku ya kurudi kazini mtaa mzima ulikuja. Wa kwanza kukaa alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kupenda kisogo chake kiwe nadhifu. Kinyozi akamnyoa kwa uangalifu mno, akampa kioo cha nyuma. Mwalimu akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Safi kabisa." Akatoka, na alipofika nje akavaa kofia.

Mama Kinyozi alikuwa kwenye benchi la wateja. Aliona mstari. Ulianzia chini ya sikio la kulia ukateremka kushoto kama paa la banda.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, shemeji yake mwenyewe, akasema, "Ndiyo mtindo mpya huo." Hakuna aliyelalamika hata mmoja, na huo wema wao ndio uliomuumiza kinyozi kuliko matusi. Kila aliyetoka alivaa kofia, hata wasiokuwa na kawaida ya kofia. Wiki ikaisha hivyo. Siku moja saa ya mchana, watu wengine wako kwenye pirika, akaning'iniza aproni msumarini akafunga mlango.

"Kuna nini?" mama akamuuliza.

"Nimeuza mkono nikanunua jicho, mama." Akaufunika uso kwa viganja. "Kila kichwa nikikisogelea nakiona kimelala kulia. Jicho limenyooka, watu wamepinda."

"Na mimi unaniona nimepinda?"

Akamtazama. "Wewe hapana. Umesimama wima. Mke wangu wima, mtoto wima. Ni nikishika mashine tu ndipo vichwa vinalala. Ninajua ni jicho linanidanganya, basi nalipuuza, nakata mstari sawa na sakafu. Wakisimama, umekwenda upande."

Mama Kinyozi alimsugua mgongo kama alivyomsugua zamani akiwa na homa. Alitaka kumwambia yatakwisha, akakumbuka kwamba hata yeye aliambiwa hivyo mtoto akiwa mdogo. Badala yake akasema, "Keshokutwa ni kliniki. Mwambie daktari. Na kuna mzee umemuahidi."

"Nitamnyoa kwa mkono gani?"

"Ahadi ni deni, mwanangu. Wewe nenda tu."

Alisema nenda tu, lakini alfajiri ya siku hiyo alitia kikapuni machungwa, na chini ya machungwa akaweka brashi, sabuni, wembe mpya na mkasi, akafunika kwa taulo.

Daktari alilipima jicho, likafuata kidole chake huku na huku, akafurahi. Misuli imepona. Kinyozi akamuuliza swali ambalo daktari hakulitarajia: je, inawezekana kulirudisha lilivyokuwa?

Daktari akaiweka tochi mezani. "Umeona vibaya nini?"

Akamweleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. "Mimi naliona jicho zima," akasema kwa upole. "Sijui kazi yako kama unavyoijua wewe. Usikate tamaa upesi. Rudi unieleze."

Wodini Dereva alikuwa palepale, ndevu zimemfika kifuani.

"Hizo ni hatua za yule wa mama wawili," akasema.

"Ndiye, mzee. Nimekuja kukujulia hali tu. Vifaa sikubeba."

"Amevibeba," Mama Kinyozi akasema, na kuanza kutoa machungwa moja moja mpaka brashi ikaonekana.

"Mama!"

"Mgonjwa amengoja."

"Nimeshatia maji toka mlipoondoka," mzee akasema. "Mwenzangu akinyolewa mimi nitie maji, si ndivyo tulivyofundishwa? Sasa mwenzangu hatokei, maji yamekauka."

Muuguzi aliruhusu, mradi kikombe cha jicho kisiguswe na povu lisipande juu. Akavuta kiti akamkalisha mzee karibu na dirisha. Kinyozi akamfunga taulo. Mama Kinyozi aliona mkono wa mwanawe ukifunga na kufungua fundo. Aliujua mkono huo. Ndio uliokuwa ukinyoa giza.

Mkasi kwanza. Kwach, kwach. Ndevu zikaanguka kwenye taulo. Kisha sabuni, kisha wembe, chini ya sikio, shavuni, polepole. Akafika kisogoni kumsawazishia nywele. Hapo akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea tena.

"Mama."

"Naam."

"Huyu mbona simwoni amelala?"

"Nilale nina wazimu?" mzee akasema. "Mtu anapitisha wembe shingoni kwangu!"

Alikuwa amekaa wima kama anaendesha lori, mikono magotini, shingo imenyooka. Hajawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi huyu. Hakuna aliyewahi kumgusa kwa vidole viwili akamwambia, laza kidogo, hapohapo.

Kinyozi akachora mstari. Mama Kinyozi akasogea akautazama, akauona umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na maneno ya Jirani yakamrudia yote: wanajilaza kama watoto waliopitiwa na usingizi.

Akavuta kigoda. "Hebu na mimi nifunge taulo."

"Mama, tuko hospitali."

"Nifunge."

Akamfunga shingoni, akashika kitana, akaja nyuma yake. Kisha akasikia mwanawe anasema taratibu, "Mama, umelaza kichwa."

"Mimi? Mimi nimekaa sawa kabisa."

"Jiguse sikio."

Akainua mkono ajiguse sikio la kulia, na mkono ukakuta sikio na bega vimekaribia kubusiana. Hakujua limefikaje huko. Nywele zake zote za mvi, tangu mwanawe ajue kushika mkasi, ni yeye aliyezikata, na shingo ilikuwa imejifunza kazi yake ikasahau kwamba imejifunza.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka khanga ikamfunguka, mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. "Maskini mwalimu!" akasema akifuta machozi. "Maskini mwalimu na kofia yake! Jicho lilikuwa linakwambia kweli, mwanangu, ukaliita mwongo!"

Kinyozi alikuwa hajacheka bado. Alikuwa ameshika kichwa cha mama yake kwa viganja vyote viwili, anakiinua polepole kutoka begani, kama mtu anayenyoosha mche uliolazwa na upepo. Kilipofika katikati akakiachia. Ndipo akacheka, na macho yake mawili yakalowa sawasawa.

"Nitawagusa tena," akasema. "Mmoja mmoja. Nyoosha kidogo, kaka. Hapohapo."

"Na wakikubishia?"

"Nitawaambia wajiguse sikio."

Wakakusanya vifaa. Mama Kinyozi akamenya chungwa akaligawa, akamtia Dereva vipande kiganjani. Mzee akala kwanza. Kisha akajipapasa kidevu, shavu moja, shavu la pili, akashuka mpaka kisogoni, akaufuata mstari kwa ncha ya kidole kutoka huku mpaka kule, akarudi nao tena.

"Sasa manesi wataniita kaka," akasema.

"Tunakuaga, baba," Mama Kinyozi akasema. "Upone upesi."

Walikuwa wameshafika mlangoni alipowaita. Alikuwa amegeukia upande wa hatua zao, jicho lenye ukungu limewatafuta likawakosa kidogo.

"Kinyozi! Ndevu hazijui likizo, hizi kesho zinaanza tena. Usingoje mpaka uwe na kliniki." Akashusha sauti. "Na hata zisipoota. Njooni tena mnitazame, wewe na mama."